Usione Vyaelea: Tuhakiki Video Fupi za Simu Mjini Bujumbura

Kurasa hizi za uhakiki kwa kawaida huwa tunazitengea riwaya, tamthilia na mashairi. Safari hii tumeomba nafasi tuzungumzie kitu ambacho wanafunzi wetu hukifuatilia kuliko vitabu tunavyowaagiza, yaani video fupi zinazohaririwa kwa simu ya mkononi na kusambazwa katika mitandao ya kijamii.

Hatukufika hapa kwa kupenda. Tuliwapa wanafunzi zoezi la kukusanya vichekesho vya Kiswahili mjini Bujumbura kwa ajili ya somo la fasihi simulizi. Tulitarajia madaftari, lakini wengi walileta simu. Tulipowauliza kwa nini hawakwenda kuwasikiliza wazee wa Buyenzi, mmoja wao alitujibu kwa adabu: "Mwalimu, hata wazee wenyewe siku hizi wanaangalia hizi." Tukakosa la kusema. Basi tukakaa nao alasiri kadhaa, tukaziangalia video hizo moja baada ya nyingine, tukizihakiki kwa vipengele vilevile tunavyofundisha: fani, lugha na maudhui. Makala haya ni matokeo ya vikao hivyo.

Tulikotoka

Si vizuri kuhakiki kitu kana kwamba kimedondoka kutoka mbinguni. Burundi ilisimulia hadithi kwa vyombo kabla ya simu hizi. Mwaka 1992 Léonce Ngabo alitoa Gito l'ingrat, filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya nchi yetu, na mwaka 2009 akaanzisha tamasha la filamu la FESTICAB. Redioni, Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, na mwaka 1997 ikaanza kurusha mchezo wa Marie-Louise Sibazuri uitwao Umubanyi niwe muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Mchezo huo ulikuwa kwa Kirundi, nao ulisikilizwa wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea na majirani wanaogopana. Tunaomba msomaji aukumbuke mchezo huo, maana tutaurudia mbele.

Kwa upande wa Kiswahili, wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Yeye alichukua filamu za kigeni, akaweka sauti yake juu yake, akawasimulia watazamaji kwa Kiswahili huku akiongeza chumvi na utani wake. Hakupiga picha hata moja, lakini watu waliinunua kanda kwa sababu ya sauti yake. Huo nao ulikuwa uhariri.

Kazi za namna hii zilihitaji studio, mashine na watu kadhaa. Leo kijana wa Bwiza au Kamenge anabeba studio mfukoni. Programu zinazotajwa sana na wanafunzi wetu ni CapCut, InShot na KineMaster. CapCut ni ya ByteDance, kampuni ya China iliyounda TikTok. Ilianza huko China mwaka 2019 kwa jina la Jianying, na mwaka 2020 ikatolewa kwa ajili ya nchi nyingine. Msomaji asiyewahi kuitumia aelewe hivi: vipande vya picha hupangwa katika mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, mithili ya nguo kwenye kamba. Kwa kidole, mtu hukata kipande, hukihamisha, hukiharakisha au kukipunguza mwendo. Juu ya mstari huo huweza kuweka safu nyingine za maandishi, muziki na milio. Akimaliza, hubonyeza mahali pamoja na video nzima huungana.

Wakati nao umebadilika. TikTok ilianza na video za sekunde 15, kisha zikafika dakika moja. Julai 2021 watumiaji wote wakaruhusiwa dakika 3, na mwaka 2022 dakika 10. Hata hivyo, nyingi ya tulizoziona hazikuvuka dakika moja na nusu.

Fani: mkato kama msimulizi

Tuanze na sifa, kwa kuwa zipo. Kilichotuvutia kwanza ni mkato. Katika video moja kijana yuleyule ni mama, ni baba na ni mwalimu mkuu. Mama ana kitenge kichwani, baba amevaa koti linalompwaya, mwalimu ana miwani isiyo na vioo. Mama anauliza: "Buletini iko wapi?" Picha inakatwa. Hatumwoni mtoto akijibu, wala hatusikii ugomvi. Tunaona tu mtoto amekaa kwenye basi la Gitega, amekumbatia mfuko wa nguo. Darasa zima likacheka. Yote yaliyotokea kati ya swali na basi tuliyajaza wenyewe.

Mrusi Lev Kuleshov alilifanyia jaribio jambo hili karne moja iliyopita. Alichukua uso uleule wa mwigizaji, akaubandika baada ya picha ya sahani ya supu, kisha baada ya picha ya maiti ya mtoto, na watazamaji wakaamini kwamba mwigizaji amebadilisha hisia. Maana haikuwa usoni bali ilizaliwa kwenye kiungo kati ya picha mbili. Kijana wetu wa buletini pengine hajawahi kulisikia jina la Kuleshov, lakini kanuni yake anaijua. Na bibi zetu walioigiza sauti ya fisi na ya sungura kwa mdomo mmoja walikuwa jirani na kanuni hiyo. Kwa hiyo tunapowaambia wanafunzi kwamba fanani wa fasihi simulizi amekufa mjini, tunakosea.

Sifa ya pili ni mwanzo. Watengenezaji husema kwamba sekunde tatu za kwanza ndizo zinazoamua kama mtazamaji atabaki au atapita, nazo huziita ndoano. Nasi tuna Paukwa na Pakawa, kazi yake ikiwa ileile ya kuikamata hadhira kabla haijatawanyika. Tofauti ni kwamba Paukwa hungoja kuitikiwa, ilhali ndoano haingoji jibu la mtu.

Sasa dosari. Ya kwanza ni milio ya kuazima. Kila utani unafuatwa na kicheko cha watu wasiojulikana, au mlio wa bata, au kengele. Mwenye kuchekesha hahitaji kuwaambia watu wacheke lini. Tulifanya jaribio dogo: tuliziangalia baadhi ya video tukiwa tumezima sauti, kisha tukazisikiliza tukiwa tumefunika picha. Zile nzuri zilibaki na kitu katika hali zote mbili. Zile dhaifu zilikufa papo hapo, na tukagundua kwamba mara ya kwanza tulicheka kwa kuitikia mlio tu.

Dosari ya pili ni violezo. Kiolezo ni video iliyokwisha kukatwa na mtu mwingine, ikaachiwa nafasi tupu. Wewe unaweka picha zako tu, na mikato na muziki viko tayari. Tusikilaumu kwa kuwa ni umbo la kupokea. Shairi la kimapokeo nalo ni umbo la kupokea: vina na mizani vilikuwepo kabla ya mtunzi. Lakini mtunzi huhesabu mizani yake mwenyewe, anajua kituo kiko wapi, na siku akiamua kuvunja kanuni anajua anavunja nini. Mtumiaji wa kiolezo mara nyingi hajui mkato umewekwa pale kwa sababu gani. Matokeo yake ni kwamba harusi, msiba na duka jipya la simu vyote vinakwenda kwa mwendo mmoja.

Dosari ya tatu ni ya kiisimu, na nadhani hatujaiona ikiandikwa katika kurasa hizi. Wahariri wengi hukata kila kimya, hata kile kifupi cha kuvuta pumzi, ili mazungumzo yaende haraka. Kiswahili hakivumilii jambo hilo kirahisi, kwa sababu sehemu kubwa ya maana ya kitenzi imebebwa na viambishi vya mwanzoni. Katika video moja mama anasema: "Baba hawezi." Mkato ulimeza silabi ya kwanza, tukasikia: "Baba wezi." Mgonjwa amegeuka genge la wanyang'anyi! Ukikosa "ha" ya ukanushi umekosa sentensi nzima. Ushauri wetu kwa watengenezaji ni mdogo na hauna gharama: acheni pumzi moja kabla ya kitenzi.

Lugha: maandishi kwenye picha

Watazamaji wengi huangalia bila sauti, wakiwa darasani, ofisini au ndani ya basi. Kwa hiyo maandishi yanayopita chini ya picha yana uzito kuliko tunavyodhani. Kwa baadhi ya vijana wetu, ndiyo Kiswahili pekee wanachokisoma kwa siku nzima.

Hapa tatizo la zamani la r na l linajitokeza wazi, kwa kuwa Kirundi hakizitenganishi kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Video ya ufukwe wa Tanganyika imeandikwa "mahari pazuri", na mtazamaji wa Mombasa akauliza ng'ombe ni wangapi. Video ya mkahawa inasema "twende kura", kana kwamba sahani za mukeke zinapigiwa kura. Mwanafunzi anaomba "karamu" ya kuandikia. Tunacheka, lakini tunakumbuka kwamba jozi hizi za kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari ndizo tunazozifundisha ubaoni bila mafanikio makubwa. Katika video, kosa lina hadhira, na hadhira husahihisha papo hapo. Mwanafunzi aliyeulizwa idadi ya ng'ombe hakurudia kosa lile.

Programu nyingine hujitolea kusikiliza na kuandika maneno zenyewe. Tuliijaribu moja darasani kwa mazungumzo ya Kiswahili yenye Kirundi na Kifaransa ndani yake, kama watu wa Bujumbura wanavyozungumza. Ilituletea maneno yasiyo ya lugha yoyote kati ya hizo tatu. Kwa hiyo, mwandishi wa maandishi hayo bado ni mtu na kidole chake, na mtu huyo angefaa kuwa mwanafunzi wetu.

Kuhusu kuchanganya lugha, hatuna ugomvi. Mama anayekemea kwa Kirundi, anayehesabu pesa kwa Kifaransa na anayetania kwa Kiswahili ni mama tunayemfahamu. Uhakiki wetu ni juu ya nani amepewa lugha gani, na kwa nini. Hilo linatupeleka kwenye maudhui.

Maudhui: Mswahili anapewa nafasi gani?

Tulipokuwa tumeziangalia video za kutosha, mwanafunzi mmoja aliyelelewa Buyenzi alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, umeona ni nani anayeongea Kiswahili humu?" Tulikuwa hatujaona. Tukarudi nyuma, tukaangalia upya.

Alikuwa na haki. Katika vichekesho vingi tulivyokusanya, mhusika anayesema kweli anasema kwa Kirundi. Mwenye majivuno anasema Kifaransa au Kiingereza. Na anayeongea Kiswahili ni tapeli. Anamuuzia mgeni kutoka kijijini simu isiyo na kitu ndani, anaapa kwa Mungu, anatoroka na chenji. Uhariri nao unamkandamiza. Akitokea tu, picha inatiwa giza, muziki wa kunyemelea unaanza, uso unasogezwa karibu. Kabla hajafungua mdomo tumekwisha kuambiwa ni mtu wa namna gani. Ni jaribio la Kuleshov lilelile, isipokuwa mahali pa sahani ya supu sasa pamewekwa kofia na kanzu.

Dhana hii haikutungwa na vijana hawa. Kiswahili kilifika kwenye mwambao wa ziwa letu pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, Wajerumani wakakitumia katika utawala, na Usumbura ulipokua, wasemaji wake wakawa watu wa mitaa yao, wengi wakiwa Waislamu, wafanyabiashara na mafundi. Tangu zamani neno "Mswahili" katika vinywa vya wengi nchini lilibeba maana ya mjanja asiyeaminika. Video fupi zimelirithi neno hilo. Kinachotutia hofu ni kwamba sasa lina mikato, milio na wafuasi.

Kuna watakaotupinga, nao tuliwasikia darasani. Walisema kichekesho hakiwezi kuishi bila wahusika bapa. Kwamba Abunuwasi mwenyewe ni mjanja na bado tunampenda. Hoja hiyo ina nguvu na tuliijadili kwa muda mrefu. Jibu letu ni kwamba Abunuwasi huwatega wakubwa: sultani, kadhi, tajiri bahili. Sisi wanyonge tuko upande wake, na ushindi wake ni wetu. Tapeli wa video humtega maskini mwenzake, nasi tunaalikwa kumcheka aliyeibiwa na kuichukia lugha ya mwizi. Tena Abunuwasi ana visa vingi, kwa hiyo tunamjua. Tapeli huyu ana sekunde 40, hana jina, hana nyumba, hana mama. Ana lugha tu. Basi lugha ndiyo inayobaki kichwani.

Mwanafunzi yule alituambia kwamba siku hizi akiwa ndani ya basi kutoka mtaani kwao anapokea simu ya mama yake kwa Kirundi, ingawa nyumbani hawazungumzi Kirundi. Tunaomba wenzetu walisome jambo hili taratibu. Idara yetu inawatayarisha walimu. Kiswahili kiliingizwa katika shule zetu za msingi miaka ya 2000, nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na tangu mwaka 2022 dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai. Tunaimba na kuhutubia siku hiyo. Kisha binti wa Buyenzi anaona haya kumwitikia mama yake mbele za watu. Walimu tunaowapeleka shuleni watakutana na watoto waliokwisha kujifunza kutoka kwenye simu kwamba Kiswahili ni sauti ya mwizi. Kitabu cha sarufi hakitaliondoa hilo.

Na tusijitoe lawamani. Sisi wenyewe tumefundisha Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi, tukakiita sanifu, na Kiswahili cha Buyenzi tukakitaja tu tulipotaka mfano wa makosa. Kama mwanafunzi hakukikuta Kiswahili cha mji wake kikiheshimiwa darasani, alitegemewa akikute wapi?

Kinachosambaa na kinachodumu

Vijana hutuambia kwamba bila mbwembwe za uhariri video haisambai. Mifano ya karibu inasema vingine. Kili Paul, Mmasai wa Tanzania, alijulikana sana India kwa kuigiza nyimbo za Kihindi kwa midomo, akiwa amevaa mavazi ya kwao, kamera imetulia. TikTok ilikuwa imepigwa marufuku India tangu Juni 2020, lakini video zake zilipita njia nyingine, na Februari 2022 alipewa heshima na ubalozi wa India nchini Tanzania. Khaby Lame, mzaliwa wa Senegal aliyekulia Italia, alipata wafuasi wengi kuliko mtu yeyote wa TikTok mwaka 2022 kwa kukunjua mikono tu bila kusema neno. Kazi zao hazikutegemea mikato mingi.

Lakini tuseme pia lililo gumu. Lame hasemi, na Kili Paul alisifiwa kwa midomo iliyobeba maneno ya wengine. Dunia iliijua sura yake kabla ya kukisikia Kiswahili chake. Kusambaa ni kipimo cha kitu fulani, lakini si kipimo cha kila kitu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitandao hutembeza vyote kwa miguu ileile.

Tuwe wa haki kwa watengenezaji. Wanahariri usiku kwa sababu mchana umeme umekatika. Intaneti wanainunua kidogo kidogo. Simu ikijaa, wanafuta video ya jana ili waitengeneze ya leo. Usione vyaelea, vimeundwa, na hivi vimeundwa kwa shida. Ndiyo maana vinastahili kuhakikiwa kwa makini badala ya kudharauliwa.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, video fupi za Kiswahili ziingizwe rasmi katika somo la fasihi simulizi, zihakikiwe kama matini nyingine. Pili, kazi ya kuandika maandishi ya chini ya picha iwe zoezi la tahajia, na alama zitolewe. Tatu, kila mwanafunzi anayetengeneza kichekesho ajiulize kabla ya kukirusha: lugha hii nimempa nani, na ningempa mama yangu?

Yule mwanafunzi wa Buyenzi alileta zoezi lake mwishoni mwa muhula. Ni video ya baba yake mdogo, fundi wa magari, akieleza kwa Kiswahili cha gereji jinsi ya kusikiliza injini: gari linalokohoa, linalokoroma, linalolia njaa. Ina mikato miwili tu. Haina muziki. Kama wahakiki tunasema kwamba upepo umeharibu sauti mahali pawili, na mwisho wake umekatika ghafla kama sentensi isiyo na nukta. Haikusambaa kama zile za tapeli. Chini yake mtu mmoja wa Kinama aliandika, kwa Kiswahili chenye r mahali pa l: "Baba mdogo, na rangu rinakohoa, nirirete rini?"

Hatukumsahihisha. Mpwa ndiye aliyemjibu, akampa siku na barabara.

Tulisema tutaurudia mchezo wa Sibazuri. Ulifundisha kwamba jirani ndiye ndugu wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa na hatari, tena kwa sauti tu. Wanafunzi wetu wana sauti, picha na mikato. Wenzetu wenye maoni, hasa walimu wa shule za mikoani, tunawakaribisha waandike katika toleo lijalo.